NDEGE YA VIPANDE KATIKA NJIA YA DZALEKA

Mji wa Lilongwe, ulio makao makuu ya Serikali ya Malawi tangu mwaka 1975 yalipohamishwa kutoka Zomba, ni mji uliopangwa kwa namba. Mitaa yake mingi haikupewa majina ya mashujaa wala ya miti. Huitwa Eria 2, Eria 3, Eria 25, na kuendelea. Kutoka Mji wa Zamani, penye soko kubwa na kituo cha mabasi, barabara kuu huelekea kaskazini. Hupita Kanengo, penye viwanda na minada ya tumbaku, kisha hufika Lumbadzi, ulipo uwanja wa ndege wa kimataifa wenye jina la Kamuzu. Kabla ya kufika Mponela iko njia panda. Anayenyoosha huenda Kasungu, na akiendelea sana hufika mpaka wa Tanzania. Anayekata mkono wa kulia huelekea Dowa, na kabla hajafika mji huo mdogo huikuta Dzaleka. Safari yote ni kiasi cha kilomita 50 tu.

Msafiri mwenye macho atajifunza mengi katika kilomita hizo chache, hasa juu ya mizigo. Baiskeli hubeba magunia ya mkaa yaliyopangwa hata mwendeshaji haonekani kwa nyuma. Baiskeli nyingine, ambazo wenyeji huziita kabaza, hubeba abiria kwa nauli. Pikapu na malori huchukua watu na mizigo pamoja, na usafiri wa namna hiyo huitwa matola. Kitanda, kabati, mbuzi na mwenye mbuzi huweza kusafiri katika gari moja. Hapana ajabu katika hayo. Mahali ambapo mafuta ni ghali, kila nafasi iliyo tupu ndani ya gari ni fedha inayopotea.

MAHALI PENYE KISWAHILI

Dzaleka ilikuwa gereza. Katika utawala wa Rais Kamuzu Banda wafungwa wa kisiasa walifungwa huko, na jina lenyewe, kwa lugha ya Kichewa, hubeba maana ya mtu anayeapa kwamba hatarudia tena. Mwaka 1994 mahali hapo palifanywa kambi ya wakimbizi, kwa sababu ya vita na mauaji yaliyozikumba nchi za Maziwa Makuu. Kambi ilikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Katika miaka hii ya karibuni idadi yao imepita 50,000. Wengi wametoka Kongo ya mashariki, wengine Burundi na Rwanda, na wako pia wa kutoka Somalia na Ethiopia.

Mswahili akifika sokoni Dzaleka hatahitaji mkalimani. Lugha ya Kiswahili ndiyo inayowaunganisha watu wa Uvira, Fizi, Kalemie na Bujumbura, na hata Wamalawi wafanyao biashara hapo wameizoea. Maandazi hukaangwa, nguo hushonwa, milango huchomelewa, viti na makochi hupigwa msasa kando ya njia. Tangu mwaka 2014 hufanyika huko tamasha liitwalo Tumaini, lililoanzishwa na Mkongomani Trésor Nzengu Mpauni, ambalo huwaleta wageni kutoka Lilongwe na nchi za mbali kuja kusikiliza muziki na kununua kazi za mikono.

Lakini kazi ya mikono ikishakamilika huanza shida ya pili, nayo ni kuifikisha kwa mnunuzi. Mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali. Mnamo mwezi wa Mei 2023 Serikali ya Malawi ilitekeleza amri ya kuwarudisha Dzaleka wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini na vijijini. Familia nyingi zilirudi na vitu vichache vilivyoweza kubebwa kwa haraka. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo thamani ya kwacha ilishushwa, na dola moja iliyokuwa ikibadilishwa kwa kwacha 1,180 hivi ikafika 1,700. Basi fundi wa kochi aliye Dzaleka huona jambo gumu: mnunuzi yuko kilomita 50 tu, lakini nauli ya mzigo inaweza kula jasho lake lote.

HELIKOPTA YA DOWA

Katika wilaya hiyohiyo ya Dowa, katika kijiji cha Gobede, mwaka 2016 zilitoka habari zilizosambaa duniani. Fundi wa kuchomelea vyuma, Felix Kambwiri, ambaye hakusomea uhandisi wa ndege, aliunda helikopta kwa vipande alivyovikusanya na kwa injini ya pikipiki. Watu walimiminika kuitazama. Wako waliocheka na wako waliostaajabu. Mwenye busara hujiuliza swali jingine: chombo cha namna hiyo, kilichoanzwa kijijini na bado hakijamalizika, kitafikaje kwa wataalamu wa kukikagua, bila kuvunjika njiani na bila kumfilisi mwenyewe?

Swali hilo si la mzaha. Chombo cha kuruka kisichokaguliwa ni hatari kwa rubani na kwa walio chini. Lakini mafundi wa kijijini hawana fedha za kuwaita wakaguzi, wala hawana gari. Kazi ya miaka mingi inaweza kubaki chini ya banda, ikila kutu, kwa kukosa usafiri wa saa mbili.

Huko Lilongwe kwenyewe ujuzi wa kuunganisha ndege umeanza kuingia kwa mlango mwingine. Mwaka 2017 Malawi, pamoja na shirika la UNICEF, ilifungua Kasungu eneo la kujaribia ndege ndogo zisizo na rubani, lenye upana wa kilomita 40 kila upande kutoka uwanja wa ndege wa hapo. Januari 2020 likafunguliwa Lilongwe shule la kufundisha vijana wa Afrika kuziunda na kuzirusha. Ndege hizo ni nyepesi, na moja huweza kubebwa kwapani. Taabu huanza pale ndege inapokuwa ya kukaliwa na mtu.

WALIOTANGULIA

Afrika yetu imewahi kubeba vyombo vikubwa zaidi kwa vipande. Meli ya Ilala, iliyoingia katika Ziwa Nyasa tarehe 12 Oktoba 1875, ilifunguliwa kipande kwa kipande chini ya maporomoko ya mto Shire, ikabebwa na mamia ya wapagazi, kisha ikaunganishwa tena juu yake. Baada yake ilikuja Chauncy Maples, iliyotoka Glasgow katika vipande 3,481 na kushushwa ziwani mwaka 1901. Boila lake, lenye uzito wa tani 11, halikugawanyika. Lilifungiwa magurudumu na kuvutwa na Wangoni 450 kwa kiasi cha kilomita 100. Wahenga waliosema mzigo mzito mpe Mnyamwezi wangeweza kumtaja Mngoni pia.

Ndege nazo zilibebwa. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji walitaka kuishambulia meli ya Kijerumani Graf von Götzen iliyotawala Ziwa Tanganyika. Uingereza iliwaazima ndege nne za kutua majini, aina ya Short, nazo zikasafirishwa ndani ya makasha kwa bahari hadi Kongo. Kutoka huko zikapokezana reli na mto: treni mahali penye maporomoko, meli mahali penye maji tulivu, kisha treni tena, mpaka kando ya Ziwa Tanganyika karibu na mji ambao leo ni Kalemie. Kwa kuwa ziwa lilikuwa na mawimbi makali, ziliunganishwa na kurushwa kutoka katika ziwa dogo la Tungwe lililo jirani. Mwezi wa Juni mwaka huo ziliruka hadi Kigoma na kudondosha mabomu. Rubani mmojawapo, Aimé Behaeghe, alifariki kwa maradhi huko Niemba mwezi wa Desemba.

Meli yenyewe ya Graf von Götzen ilikuwa imeletwa kutoka Papenburg, Ujerumani, katika masanduku yapatayo 5,000, na kuunganishwa Kigoma. Wajerumani walipoizamisha Julai 1916, kwanza walizipaka grisi injini zake. Ilipoibuliwa mwaka 1924 injini hizo zilifaa tena, na tangu mwaka 1927 meli hiyo ikajulikana kwa jina la Liemba.

Wengi wa watu walioko Dzaleka wametoka katika nchi ileile ambayo makasha ya ndege yalipita.

KANUNI ZA MZIGO

Kutokana na mambo hayo yaliyopita, na desturi za mafundi wa leo, zapatikana kanuni chache ambazo humwezesha mtu wa kipato kidogo kusafirisha chombo ambacho hakijakamilika.

Kwanza, apime nafasi kabla ya uzito. Ndege ndogo ya watu wawili ina uzito wa kilo 300 hivi, kasoro ya magunia saba ya mahindi ya kilo 50. Kinachoifanya kuwa ghali ni urefu wa mabawa. Mabawa yakitolewa, kiwiliwili chake huweza kuingia katika kontena la futi 20, au katika lori dogo la kawaida, na bawa moja watu wawili hulinyanyua.

Pili, chombo kifunguliwe mahali kilipoundwa kufunguliwa. Bolti hutolewa kwa spana, haikatwi kwa msumeno. Kila kipande kipewe namba, na bolti zake zitiwe katika kifuko chenye namba hiyohiyo. Mtu atakayeviunganisha Lilongwe huenda asiwe yule aliyevifungua, hasa ikiwa mwenye kazi hana kibali cha kusafiri. Namba iliyoandikwa vizuri itasema badala yake.

Tatu, bawa lisilazwe chali juu ya mizigo mingine. Husimamishwa katika fremu ya mbao iliyofunikwa blanketi kuukuu, ukingo wake wa mbele ukiwa chini. Adui wa bawa ni mtikiso na upepo. Dereva akienda mbio, upepo hutaka kulirusha, nalo halina habari kwamba bado liko ndani ya lori. Kamba zikazwe, lakini zisikate. Kila baada ya mwendo wa nusu saa gari lisimame na utingo azikague.

Nne, mafuta yamwagwe kutoka katika tangi, vyuma vya injini vipakwe grisi, na matundu yote yazibwe kwa vitambaa. Vumbi la njia ya kijijini huingia hata pasipo mlango.

Tano, na hii ndiyo siri ya unafuu, litafutwe gari linalorudi tupu. Lori lililopeleka saruji au bidhaa za madukani Dzaleka lazima lirudi Lilongwe, na dereva atakubali malipo madogo kuliko kurudi bure. Vivyo hivyo katika safari ndefu. Malawi huagiza vitu vingi kuliko inavyouza nje, kwa hiyo malori yanayotoka Dar es Salaam huja yamejaa, na mengi hurudi yakiwa na nafasi. Mwenye subira ya kungoja siku tatu huweza kulipa chini sana ya mwenye haraka. Mafundi watano wa makochi wakishirikiana lori moja, kila mmoja hulipia sehemu yake tu, na jina la kila mmoja huandikwa katika karatasi moja ya mzigo.

Sita, karatasi ziwe tayari. Orodha ya vipande, stakabadhi za ununuzi wa vifaa, na barua ya mwenye mali humwondolea dereva maswali katika vizuizi vya barabarani. Askari polisi naye hurahisishiwa kazi, kwa maana mzigo usio na maelezo humlazimu aushuku. Kwa chombo cha kuruka, wakuu wa usafiri wa anga waarifiwe kabla ya safari, wala si baada ya kuunganishwa.

KWA ASKARI NA FAMILIA

Msomaji asidhani kwamba kanuni hizi ni za wenye ndege peke yao. Askari anayehamishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine anaujua uchungu wa kufungua turubai na kukuta kabati la kioo limekuwa vigae. Mkewe aliyenunua kabati hilo kwa akiba ya miaka miwili anaujua zaidi. Kabati lifunguliwe milango, kioo kisimamishwe katikati ya magodoro, skurubu zitiwe katika soksi iliyoandikwa namba, na vyombo vya udongo vifungwe kwa kanga. Kitanda cha mbao kilichoundwa kwa bolti husafiri mara nyingi bila kulegea. Kilichopigiliwa misumari huanza kulia baada ya uhamisho wa pili. Anayeagiza samani mpya na afikiri jambo hilo mapema.

Kwa fundi wa Dzaleka jambo hili ni zito zaidi. Yeye hawezi kufuatana na kazi yake. Akiwa ameunda kochi linalofunguka vipande vinne, vinavyoingia katika pikapu moja pamoja na makochi mengine mawili, nauli itagawanyika kwa tatu, na faida itakayorudi itanunua unga na madaftari ya watoto. Akiwa ameunda kochi lisilofunguka, atangoja mnunuzi aje mwenyewe kutoka Lilongwe. Mara nyingi mnunuzi haji.

Wazee husema bandu bandu huisha gogo. Boila la Chauncy Maples halikuweza kubanduliwa, likahitaji watu 450. Vipande vingine vilikwenda kwa njia nyepesi zaidi. Fundi anapochora kazi yake, iwe kochi au chombo cha kuruka, na auchore pamoja na mlango wa gari litakaloibeba.