Ngoma ya Bi Kidude na ngoma ya nyanya

Mwacha mila ni mtumwa, ndivyo tunafundisha watoto masomoni. Lakini ile mila tunamwachia nani aitunze? Nijibu kwa habari ya mama mmoja wa Unguja, kule Kiswahili chetu, na mchele wetu pia, vilikotoka wakati wa Tippu Tip.

Jina lake lilikuwa Fatuma binti Baraka, lakini watu walimwita Bi Kidude. Alizaliwa Mfagimaringo, baba yake mchuuzi wa nazi. Nyimbo za Siti binti Saad alizishika kwa masikio tu. Akawa mwimbaji wa taarab, akafika mpaka Ulaya, na mwaka 2005 alipewa zawadi ya WOMEX. Sigara alivuta, pombe alikunywa, na hakujificha. Lakini mama huyohuyo alikuwa kungwi: wasichana waliovunja ungo aliwafunda katika unyago, anajifunga ngoma ndefu kiunoni na kuipiga mwenyewe. Wagonjwa nao walimfuata juu ya dawa za miti. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013.

Najua wengi hapa Kasuku watasema: mama wa namna hiyo atamfundisha binti yangu nini?

Hata mimi nilisema hivyo. Nyanya yangu alikuwa na ngoma yake. Kwenye arusi alikuwa anapiga na kucheza mpaka watu wanalia kwa kucheka, kikombe cha pombe pembeni. Kesho yake akiitwa kwa binti aliyekua, anafunga mlango, na hakuna mwanaume anakaribia. Alipokufa, mimi nilikuwa nimetoka ISP na diploma mkononi. Tulikaa kama jamaa, tukasema ile ngoma ni mambo ya giza. Shoka nilishika mimi mwenyewe. Kuni zake zilipika chai ya matanga.

Miaka ikapita. Siku moja mwanafunzi wa kike aliniuliza darasani: «Mwalimu, akina nyanya walipofunda wasichana, waliimba nini?» Nilisimama na chaki mkononi. Vita vya Napoleon navijua kwa tarehe zake. Wimbo wa nyanya yangu, hata neno moja, hapana.

Ndugu wasomaji, wamama wazee wangali wako katika parsele zetu. Twende kwao na daftari. Tusianze kuuliza wanakunywa nini, tuulize wanajua nini. Mimi nilichelewa, wewe pengine bado.