Nganya ya Katoni Sio Kitu ya Watoto

Wacha niseme kitu, na mkitaka kucheka chekeni. Ile nganya ya katoni ambayo mtoi wa ploti yenu ametengeneza kwa wembe na gluu ina maana kuliko ndege zote za plastiki nilizonazo kwa kabati. Na ninasema hivyo nikiwa mtu anayependa hizo ndege za plastiki kupita kiasi.

Kwa wenye hawajui: kuna watu duniani, wengi wao watu wazima wenye kazi na familia, wananunua boksi yenye vipande vya plastiki, stika na karatasi ya maelezo, kisha wanakaa wiki mbili wakiunda gari la kale au ndege ya vita. Airfix ni ya Uingereza, Tamiya na Hasegawa ni za Japani, na ziko nyingine kibao. Kila modeli ina skeli yake. Ukiona 1/72, kitu halisi kimepunguzwa mara 72. Mimi nilianza na hiyo kwa sababu ni ndogo, na chumba changu ni kile kile cha kulala, kula na kupikia.

Na Kenya iko kwenye hizo boksi, usidhani tumesahaulika. Hasegawa wametoa Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971. Wametoa pia Mitsubishi Lancer ambayo Joginder Singh, mtu wetu aliyezaliwa Kericho, alishinda nayo 1974. Zote ni skeli ya 1/24. Fikiria hiyo. Kuna Mjapani alikaa na penseli akapima gari lililopita kwenye matope yetu, akahesabu taa za mbele, akachora namba ya mlangoni, ndio leo mtu wa Osaka ajue Lancer ya 1974 ilikaaje.

Lakini Safari ilipita siku chache tu kwa mwaka. Gari lililompeleka mathe wako Industrial Area kila asubuhi miaka kumi na tano, nani amelipima? Revell wanauza basi la London la ghorofa, lile jekundu, kwa skeli hiyo hiyo ya 1/24. La Buruburu 58 je? Hakuna. Utangoja mpaka uzeeke.

Kuna sababu hii kitu inaniuma hivi, na ilianza na ndege.

Modeli ya kwanza niliyoimaliza vizuri ni F-5E. Niliichagua kwa sababu ni yetu pia: Jeshi la Anga la Kenya limeruka nazo tangu mwisho wa miaka ya 70, na kukiwa na sherehe za kitaifa hapa Nairobi unazisikia kabla ya kuziona. Stika zilizokuwa ndani ya boksi langu zilikuwa za Marekani. Nikaziacha, nikapaka rangi zetu kwa kijiti cha meno, nikaiweka dirishani ijivune.

Mzee wa nyumba ya chini akaiona. "Kijana, hiyo umeitoa wapi?" Nikamwambia nimeiunda mwenyewe. Akanyamaza, halafu akasema, "Basi itoe dirishani."

Nilidhani ni mambo ya wazee. Siku nyingine nikamsalimia, "Shikamoo mzee," akanikalisha kwenye ngazi akaanza kunihadithia tarehe 1 Agosti 1982. Alikuwa kijana wa rika langu. Kambi ya Eastleigh iko hapo tu, nyinyi mnaijua, na askari wa jeshi la anga ndio waliojaribu kupindua serikali. Aliniambia walivyolala sakafuni, redio ikitangaza kwamba serikali imeanguka, na jinsi alivyokuwa akisikiliza juu zaidi kuliko barabarani. Hofu yake ilikuwa ndege. Haikuwa hofu ya bure: kule Nanyuki waasi waliwalazimisha marubani waruke na F-5 waje kulipua Nairobi, na marubani wakaenda kuyaangusha mabomu kwenye msitu wa Mlima Kenya. Baadaye jeshi lote la anga lilivunjwa, likaundwa upya kwa jina la '82 Air Force, na halikurudishiwa jina lake mpaka 1994.

Mimi hayo yote nilikuwa nimeyaweka dirishani yakiwa na urefu wa sentimita 20, nikingoja watu wanipongeze rangi. Mzee hangenihadithia hata nusu ya hiyo stori kama ningemuuliza tu, "Mzee, 1982 ilikuwaje?" Alihitaji kuona umbo lile.

Sasa turudi kwa nganya.

Kwanza mjue, nganya yenyewe ni modeli ya kuunganisha. Sitanii. Isuzu nyingi tunazopanda hufika Kenya zikiwa vipande ndani ya makasha, zinaungwa pale Mombasa Road, kwenye kiwanda kilichoanzishwa 1975 kikiitwa General Motors Kenya na ambacho tangu 2017 ni Isuzu East Africa. Kisha chesisi inaenda kwa mafundi wa bodi. Na hao hawana karatasi ya maelezo. Fundi anachomelea mabomba, anakunja bati, anaamua mwenyewe madirisha yakae wapi, halafu mchoraji anaingia, mtu wa muziki anaingia, mtu wa taa anaingia. Ndio maana hakuna nganya mbili zinazofanana hata kama ziko sako moja. Kila moja imeundwa mara moja tu duniani.

Na haidumu. Nganya inatawala mtaa mwaka mmoja au miwili. Watoto wanaijua kwa honi, watu wazima wanaacha mat iliyojaa nusu waingojee. Halafu inakuja nyingine mpya. Ya zamani inapakwa rangi upya, inabadilishwa jina, inauzwa ruti ya mbali au inakuwa ya manjano ya kubeba wanafunzi. Mchoro wote umekwanguliwa. Na hapo sijataja serikali: mwaka 2004 sheria za Michuki zilileta mikanda na vidhibiti mwendo, ambavyo sina shida navyo, lakini zikaleta pia mstari wa manjano, na michoro ikapigwa marufuku. Ilichukua miaka kumi hivi mpaka Rais Uhuru Kenyatta aseme sanaa iachwe irudi. Manyanga wa kabla ya hapo, waliokuwa wakipiga mbio Jogoo Road miaka ya 90, wako wapi? Kuna picha chache, nyingi zimepigwa ubavuni kutoka mbali. Ndani kulikaaje? Dari ilikuwa na nini? Ulizia watu wa miaka arobaini uone wanavyobishana.

Sasa mwangalie huyu dogo wa ploti yetu, ana miaka 14. Anatumia katoni ya TV kwa sababu ni ngumu, ile ya maziwa inalegea. Vioo ni plastiki ya chupa ya soda iliyonyooshwa. Magurudumu ni ndara iliyokatwa duara, rimu ni karatasi ya fedha ya sigara. Taa za LED amezing'oa kwenye tochi zilizokufa, betri ni ya simu ya zamani, spika pia. Dari inafunguka, na ndani viti viko vyote, hadi kile cha nyuma ambacho makanga huwa anawaambia watu wanne wasogeane wakae watano.

Alikuwa na nne. Walipohama kutoka ploti ya pili kuja hapa, tatu zilibaki kwa sababu pikapu ilijaa, na katoni ikibaki mnajua inaenda wapi: jikoni kuwashia makaa. Hakuna aliyefanya ubaya. Mamake alibeba godoro na sufuria, ningefanya vivyo hivyo. Ila kati ya hizo tatu, moja ilikuwa ya nganya ambayo leo ni nyeupe tupu na inabeba watu wa harusi. Hiyo imepotea mara mbili.

Ile ya nne jamaa mmoja aliyewahi kuwa makanga aliiona mlangoni akasimama. Akainama, akachungulia. "Hapa umekosea buda, kioo cha nyuma kilikuwa na ufa. Tulirushiwa jiwe Donholm." Akaanza. Nusu saa alikuwa hapo, akimwambia dogo nani aliichora, dere wa kwanza alikuwa nani, na kwa nini walibadilisha muziki. Dogo akachukua kalamu akachora ufa.

Kwa hivyo nina ombi, na ni la vitendo. Vijana wengi wanaounda nganya za katoni wanapima kwa macho, na ndio maana ya mtu mmoja ni ya mkono mzima na ya mwingine inatoshea kwenye kiatu. Tukubaliane 1/24. Basi la mita 7.2 linakuwa sentimita 30, hesabu ya darasa la sita. Ikiwa 1/24, unaiweka kando ya Lancer ya Joginder na lile basi la London, na hakuna mtu atauliza ni toy ya nani. Chini ya chesisi andika kwa kalamu isiyofutika: sako, ruti, jina la nganya, mchoraji kama unamjua, mwezi na mwaka. Piga picha pande zote sita, dari pia. Halafu ongea na mtu aliyeifanyia kazi kabla hajarudi ushago. Na wewe mwenye pesa kidogo, acha kununua nganya ya dogo kwa mia mbili ukampe mtoto wa dadako aivunje. Mlipe kama fundi.

Dogo ameanza ya 58. Mimi kazi yangu ni kushika tepu. Juzi tulienda steji tukamuuliza dere kama tunaweza kupima. Akatuangalia juu mpaka chini, akauliza kama sisi ni watu wa NTSA. Tulipomwonyesha ile ya katoni, na taa zikiwaka, akazima injini. "Pimeni haraka basi, lakini watu wakijaa naondoka." Tumepata urefu, upana na mlango. Kimo bado, maana abiria walijaa nikiwa nimesimama juu ya tairi.

Kesho tunarudi.