Siku Mbili Chini ya Turubai: Takwa Wakati wa Kusi

Mtu hafiki Takwa kwa saa aitakayo yeye. Njia ya kawaida hupitia mkono wa bahari uliojipenyeza ndani ya mikandaa ya Kisiwa cha Manda, na mkono huo hupitika maji yanapojaa tu; yakipwa, hubaki matope na kaa. Kwa hiyo safari yetu ilipangwa kwa hesabu ya mwezi kabla ya kutazamwa kalenda ya shule. Tulichagua bamvua la mwezi mpevu katika likizo ya Agosti, ambapo maji hujaa yapata saa kumi alasiri, tukaingia katika mashua familia tatu: watu wazima sita, watoto watano, na nahodha wetu, mzee wa Shela aliyeijua njia ile tangu utotoni.

Takwa ni mji uliohamwa. Watu waliishi humo katika karne ya 16 na ya 17, kisha wakaondoka. Wataalamu hutaja sababu kadhaa, na mojawapo ni maji ya visima kuingia chumvi. Wenyeji wa mji walivuka ng'ambo, na Shela ya leo huhesabu asili yake kutoka kwao. Magofu yalianza kuchimbuliwa na James Kirkman mwaka 1951, na sasa yamo chini ya Makavazi ya Taifa. Uko msikiti wa Ijumaa ambao ukuta wake wa kibla una mnara juu yake. Uko ukuta ulioizunguka mitaa. Na nje yake liko kaburi la mnara ambalo watu wa Shela hadi leo hulizuru kuomba mvua.

Tulikuwa na idhini ya kulala kwenye uwanja ulioruhusiwa, mbali na kuta za kale, na tulikuwa na mahema mawili ya nailoni pamoja na turubai kubwa la kupikia. Hapo ndipo nahodha alipoanza kutufundisha. Watoto walikwisha toa vigingi vya chuma vyembamba vilivyokuja na mahema, wakawa wanavipigilia mchangani kwa furaha. Mzee akakivuta kimoja kwa vidole viwili, kikatoka kama sindano katika siagi.

"Babu, mbona hukitaki?" aliuliza mdogo wao.

"Mwanangu, hiki ni cha udongo wa bara," alijibu. "Mchanga haushiki chuma. Mchanga hushika mchanga."

Akaagiza viroba vya unga vilivyo vitupu. Kila kiroba kilijazwa mchanga, kikafungwa kamba katikati, kikafukiwa shimoni kwa kina cha dhiraa moja, kikiwa kimelala kukingama na mvuto wa kamba, kisha shimo likashindiliwa kwa miguu. Kazi hiyo waliifanya watoto, na hatujapata kuwaona wakicheza mchezo wenye manufaa kuliko huo. Hema moja lilihitaji viroba sita. Ukikivuta kiroba kilichofukiwa hivyo, utainuka wewe.

La pili lilikuwa mwelekeo. Mwezi wa Agosti ni mwezi wa kusi, na upepo huo huja kutoka kusini na kusini mashariki bila kupumzika. Hema linalofungua mlango wake kwa upepo hugeuka tanga, na tanga lisilo na mashua huenda litakako. Tuliyapa mahema mgongo wa kusi, milango ikatazama kaskazini. Mzee akatuonyesha magofu: milango mingi ya nyumba za Takwa nayo hutazama kaskazini, kwa kuwa kutoka Lamu kibla ki karibu kaskazini kabisa. Waliojenga walikuwa na sababu kubwa kuliko upepo, lakini hatudhani kwamba upepo nao waliusahau.

Mahali penyewe hatukupachagua kwa uzuri. Watoto walitaka kilele cha mchanga kinachoitazama bahari kuu. Wanawake walitaka kivuli cha mbuyu. Kilele kilikataliwa kwa sababu ya upepo, na mbuyu kwa sababu ya matawi makavu yaliyokuwa juu yake. Tulishuka nyuma ya vichaka, mahali palipoinuka kidogo ili mvua ipite kando. Bonde dogo lililo laini na tambarare huvutia macho ya mgeni, lakini ndilo maji yanakokusanyikia.

Nahodha aliyajifunza haya yote katika dago. Wasomaji wetu wa mjini huenda hawajalisikia neno hilo kwa muda: ni kambi ya wavuvi wanaohamia pwani ya mbali kwa majuma au miezi, wakifuata samaki na pepo. Wavuvi wa Kojani huko Pemba wanajulikana kwa safari za namna hiyo, na kwetu huonekana miaka mingi. Katika dago la zamani, alituambia, tanga lenyewe ndilo lililokuwa hema. Foromali iliwekwa juu ya miti miwili yenye panda, tanga likatandazwa juu yake, na alfajiri tanga likarudi kazini. Mtu alilitunza paa lake kwa kuwa bila hilo asingeweza kurudi nyumbani. Wanawe wawili wanafanya kazi za ofisi Mombasa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulala katika dago. Alilisema bila kulalamika.

Zamani miti hiyo ya panda ilikatwa papo hapo kwenye mikandaa. Leo mikandaa inalindwa na sheria na kuikata bila kibali ni kosa, nasi tunaona ni haki iwe hivyo. Tulikwenda na nguzo zetu za mianzi kutoka nyumbani.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Usiku wa kwanza, baada ya Isha, ilipita mvua fupi ya rasharasha, na upepo ukapanda. Jiko la makaa lilikuwa chini ya turubai, chai haijachemka, na mtoto mmoja alikuwa akitetemeka kwa baridi. Mmoja wetu akashauri jiko liingizwe hemani, moto uwe mdogo, watoto wapate joto. Shauri lilitoka katika huruma. Nahodha alisimama mlangoni akakataa, na kukataa kwake kulikuwa kukali kuliko maneno yote aliyoyasema safari nzima.

Alikuwa na haki. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ndani ya hema lililofungwa zipu, hewa hiyo humlaza mtu usingizi ambao huenda asiamke. Hata makaa yaliyofifia, yasiyo na moshi, yanaua. Na nailoni haihitaji mwali: cheche moja huiyeyusha ikadondoka juu ya aliyelala. Waliokwenda Hija wanalijua somo hili kwa njia nyingine. Mwezi wa Aprili 1997 moto uliteketeza mahema ya Mina na mahujaji zaidi ya 300 wakafariki. Baada ya hapo yakajengwa mahema ya kitambaa kisichoshika moto, na kupika ndani kukapigwa marufuku. Sisi wa kambi ndogo hatuna kitambaa cha namna hiyo. Tuna kanuni tu, na kanuni haifai kulegezwa kwa sababu mtoto anatetemeka. Mtoto alivishwa nguo kavu, akafunikwa mablanketi mawili, akalazwa kati ya mama yake na nyanya yake. Chai ilikunywewa nje, ikiwa na mchanga kidogo.

Usiku huo kamba nazo zilitaka mtu. Kamba ya katani ikilowa hukaza, na yaweza kuing'oa nanga yake. Ya nailoni ikilowa hulegea, na hema likaanza kupiga makofi. Tulikuwa na za aina zote mbili. Kabla ya kulala tulizilegeza za katani, na usiku wa manane wanaume wawili walitoka na tochi kuzikaza za nailoni. Viroba havikusogea.

Mchana wa pili tuliumalizia kwenye magofu na ufukweni, na kuueleza wote kungekuwa kurefusha maneno. Tuseme juu ya maji tu. Tulibeba lita tano kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, na udhu tukautia kwa maji ya bahari. Kufikia jioni watoto walikuwa wakiyatazama madumu kwa jicho jingine. Mmoja aliinama juu ya kisima kilicho karibu na msikiti akauliza watu wa hapa walihama siku moja au kidogo kidogo. Hakuna aliyemjibu upesi.

Tuliondoka siku ya tatu kwa maji ya alfajiri, mara baada ya Swala, gizani bado. Umande ulikuwa mzito, kwa hiyo mahema yalikunjwa yakiwa yamelowa, hakukuwa na njia nyingine. Hema lililokunjwa hivyo lisiachwe hata siku moja. Kuvu huanza kwa madoa meusi madogo, kisha huja harufu isiyotoka, kisha kitambaa huacha kuzuia mvua. Siku hiyo hiyo, huko Shela, tuliyasuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, bila sabuni, kwa kuwa sabuni huondoa ule utando unaokinga maji. Zipu tulizipiga mswaki wa zamani ili kuutoa mchanga, tukazipaka nta ya mshumaa. Nguzo za aluminiamu zilifutwa kipande kwa kipande, hasa kwenye maungio, kwa maana chumvi hula hapo kwanza. Kisha yakaanikwa kivulini darini, wala si juani: jua letu huichosha nailoni kuliko upepo wa msimu mzima.

Yalikauka siku ya pili. Tuliyaviringisha badala ya kuyakunja kwa mistari ile ile, tukayatia ndani ya foronya kuukuu ili yapumue. Viroba vilimwagwa mchanga wake kule kule Takwa, vikaoshwa, na nahodha akaviomba. Alisema mjukuu wake aliyekuwa nasi ameanza kumuuliza juu ya kusuka kamba.