Mwanya wa Bibi

Daktari wa meno aliniambia nitasikia kubanwa kidogo. Kidogo! Usiku ule wa kwanza ulimi tu ukigusa meno, nilikuwa naona nyota. Siku nne nilishindia uji na ndizi mbivu. Kisha shavu likachubuka kwa ndani, pale vichuma vilipokuwa vikikwaruza. Nikapewa nta ya kubandika juu yake. Inasaidia, ila ukila nayo inakwenda tumboni. Muwa, bisi, korosho, vyote haramu. Sharti nililivunja mara moja tu, pale Segera, kwa hindi la kuchoma la dirishani mwa basi. Kichuma kimoja kikabanduka, na njia nzima hadi Tanga waya ukawa unanichoma mdomo.

Tanga nilikuwa nakwenda kwa bibi, na kisa changu kiko huko.

Mimi nilizaliwa na meno ya juu yaliyochomoza. Shuleni waliniita Opena, ati naweza kufungua soda bila kifaa. Lakini katikati ya meno hayohayo palikuwa na mwanya, na mwanya kwetu pwani ni urembo, haununuliwi. Niliurithi kwa bibi. Nilipopata kazi nikajichanga, nikaanza kulipa kidogo kidogo. Daktari akauliza, "Na mwanya je, tuuzibe?" Nami, kwa hasira za Opena, nikajibu, "Ziba kila kitu."

Basi bibi akanipokea kibarazani. "Hebu cheka nikuone." Nikacheka. Akanitazama kitambo. "Mwanya wangu umeupeleka wapi?"

Alisema wangu. Yeye mwenyewe meno ya mbele yalishang'oka zamani. Mwanya wake ulikuwa umebaki kinywani mwangu tu. Hilo sikuwahi kulifikiria.

Nyaya zilitolewa baada ya miezi 22. Meno yakawa yanateleza kama sahani iliyotoka kuoshwa, nami nikawa nacheka hata na makonda. Nikadhani yamekwisha, kumbe bado. Nilipewa kibao cha plastiki cha kushikilia meno, nikivae mchana na usiku, nivue wakati wa kula na kupiga mswaki. Baadaye usiku tu. Daktari alieleza kwamba mfupa unaozunguka jino huchukua muda kukaza, na nyuzi za fizi huvuta jino lirudi lilikotoka. Mwanya ndio unaopenda sana kurudi.

Hilo la mwisho lilinikaa. Nikaanza kukisahau kile kibao. Kusema kweli, sikukisahau. Nilikiacha kwenye kikopo chake, nikalala. Baada ya miezi kadhaa nikakirudisha mdomoni, hakiingii. Kwenye kioo, ufa mwembamba katikati. Nikafurahi! Ila nilipojitazama kwa ubavu nikaona na mengine yameanza kusogea mbele. Meno hayachagui, jamani. Nilitaka mwanya urudi peke yake, Opena abaki alikokuwa.

Nikarudi kwa daktari na aibu yangu. Alinifokea, kisha akapima. Ama tufunge nyaya upya, ama atengeneze kibao kingine cha kuyazuia yalipofika.

"Yazuie hapohapo," nikasema.

Safari hii nakivaa kila usiku, hata nikiwa na usingizi wa kufa. Juzi bibi alinishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga wa mlango.

"Mbona umebana hivi?" akasema. "Haupiti hata unyasi."

Lakini hakuniachia kidevu.