Nani amesema, na ameandika wapi?



Wengi wenu mumeniuliza kwa nini mwalimu wa shule ya msingi anatumia mega zake za Jumamosi kuandika juu ya shirika la New York linaloshughulika na michezo ya telefone. Swali ni la haki. Mega zinauzwa, jua la mvua halijazi betri, na kazi za nyumbani hazimngoji mtu. Nitajibu, kwa sababu jambo hili linatugusa sisi na watoto wetu kuliko linavyoonekana kwa mbali.

Kwanza niseme Wikipedia ni nini. Ni ensiklopedia, ndiyo kusema kitabu kikubwa cha maarifa kinachosomwa bure kwenye intaneti. Ilianza mwaka 2001, na ile ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003. Haina mwandishi mmoja. Mtu yeyote anaweza kubonyeza neno "Hariri", akasahihisha au akaongeza. Lakini kila badiliko linabaki katika historia ya makala, na wengine wanaweza kuliona na kulirudisha nyuma. Wasipopatana, wanaongea kwenye ukurasa wa majadiliano. Mimi naifananisha na AVEC yetu: sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa wamama watatu tofauti, na kila franka inahesabiwa mbele ya wote. Mali ni ya wote, na kwa sababu hiyo macho ya wote yako juu yake.

Makala ninayoipanua kwa Kiswahili inahusu shirika liitwalo Games for Change, maana yake "Michezo kwa ajili ya Mabadiliko". Lilianzishwa mwaka 2004. Halitafuti faida. Linaunga mkono michezo ya video inayofundisha jambo la maana: afya, shule, amani, haki za watu. Kila mwaka linaita mkutano mkubwa wa watengenezaji wa michezo, walimu na watafiti.

Nililichagua kwa sababu ya kazi yangu. Tangu tulipokuwa tukisoma ualimu kule ISP tulifundishwa kwamba mchezo si kupoteza wakati. Darasani kwangu watoto wanajifunza kugawanya kwa mbegu za mahindi, na wanaelewa haraka kuliko kwa chaki. Leo watoto hao hao wakifika nyumbani wanaomba telefone ya baba au ya kaka. Kama mchezo unafundisha, basi na ule wa telefone unafundisha, mema au mabaya. Nilitaka kujua nani anatengeneza ile yenye mafundisho mema.

Nikakuta habari za kutufaa. Mwaka 2013 shirika hilo lilitoa mchezo kwenye Facebook uitwao Half the Sky Movement. Mchezaji anamfuata Radhika, mama wa India anayepaswa kuamua mambo magumu nyumbani kwake, kisha hadithi inavuka hadi Kenya na nchi nyingine. Wafadhili waliambatanisha mchezo na zawadi za kweli: vitabu kwa ajili ya watoto, na fedha za upasuaji wa wanawake wenye fistula. Sisi wa Kivu hatuhitaji kuelezwa uzito wa upasuaji huo. Hospitali ya Panzi iko Bukavu tangu 1999, na Daktari Mukwege alipewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018.

Mchezo huo ulichezwa na watu zaidi ya milioni moja. Hapa ndipo kazi ya kuandika makala inapoanza kuwa ngumu, na ndipo inapofaa kwetu.

Watu milioni moja walicheza. Je, wangapi walibadilika? Hayo ni mambo mawili. Mwalimu anajua: watoto hamsini kwenye listi si watoto hamsini waliojua kugawanya. Listi inaonyesha nani aliketi kwenye benchi tu. Kwa hiyo katika ensiklopedia huwezi kuandika "mchezo huu ulibadilisha maisha ya watu milioni" kwa sababu watu milioni waliufungua. Utaandika waliocheza ni wangapi, na nani aliwahesabu. Kuhusu mabadiliko, utaandika yale tu ambayo mtafiti aliyapima akayachapisha.

Makala juu ya mashirika mara nyingi hujaa maneno matamu: "shirika mashuhuri", "linaloongoza", "limegusa maisha ya wengi". Sharti la Wikipedia ni kwamba msomaji aone habari inatoka wapi, na isitoke kwa mwenyewe anayejisifu. Inatakiwa itoke kwenye gazeti, kitabu au utafiti wa mtu mwingine. Kwa kila sentensi najiuliza maneno mawili: nani amesema, na ameandika wapi? Sentensi isiyo na jibu haiingii, hata ikiwa nzuri namna gani.

Wamama, swali hilo tulibebe. ONG ngapi zimepita hapa Bunyakiri na gari nyeupe, bango na kofia? Mafunzo siku mbili, picha, sahihi kwenye listi, kisha raporti inasema wanawake kadhaa "wamewezeshwa". Nyingine zimetusaidia kweli, na tunazishukuru. Lakini tuna haki ya kuuliza baada ya mwaka: nani alirudi kuangalia? Yale waliyoandika juu yetu, tuliyasoma?

Sasa niseme upande wa pili wa swali hilo, ule unaotuuma zaidi.

Kuna kijana wa Sudan Kusini, Lual Mayen. Alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Alipoona kompyuta kwa mara ya kwanza aliitamani. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu, akafikisha dola 300, akamnunulia. Kijana alitembea masaa kwenda mahali pa kuchaji. Kwa kompyuta hiyo alijifunza na kutengeneza mchezo aliouita Salaam, ndiyo kusema amani, ambamo mchezaji anamwongoza mtu anayekimbia vita. Mwaka 2018 alipewa heshima mbele ya watengenezaji wa michezo wa dunia nzima huko Marekani.

Habari ya mama yule tunaijua kwa nini? Kwa sababu waandishi wa magazeti walimwuliza kijana, wakaandika. Hapa kwetu mama anauza mawese na mihogo kutoka soko hadi soko ili mtoto amalize sekondari. Miaka mitatu? Wengine wamefanya hivyo miaka kumi. Lakini haikuandikwa mahali popote, na kwa ensiklopedia ni kama haikutokea.

Tena kuna mchezo mwingine, Phone Story, uliotengenezwa mwaka 2011 na Paolo Pedercini wa Italia. Unaonyesha telefone inavyozaliwa, na sehemu yake ya kwanza iko kwetu Congo: watoto wanachimba koltani chini ya bunduki. Kampuni ya Apple iliuondoa dukani mwake muda mfupi baada ya kutolewa. Aliyeutengeneza alitaka wanunuzi wa telefone waone haya, na sidhani alikosea. Ila ndani yake mtoto wa Congo ni kitu cha kusukumwa asilale. Mama yake hayupo. Mwalimu wake hayupo. Jirani anayemtoa kwenye shimo na kumrudisha darasani hayupo. Sisi wa Kalehe tunajua kwamba watu hao wapo. Lakini siwezi kuandika katika Wikipedia "mimi najua". Ensiklopedia haipokei ushuhuda wa mwandishi wake. Inataka kilichokwisha kuchapishwa. Sharti hilo naliheshimu, kwa sababu bila hilo kila mwenye kujisifu angeingia. Lakini tusipochapisha kitu, sharti hilo hilo linatuacha nje.

Basi nawaomba mambo matatu madogo.

La kwanza, mtoto anapocheza kwenye telefone, ketini naye dakika kumi. Muulizeni: katika mchezo huu unafanya nini ili ushinde? Anayeshinda kwa kuua anajifunza jambo moja. Anayeshinda kwa kulima, kuhesabu au kusaidia anajifunza jambo lingine.

La pili, mtu akituletea mradi mwenye sifa nyingi, tuulize kwa heshima: nani amesema, na ameandika wapi?

La tatu, tuandike. Kila kikundi kiwe na daftari, si la akiba tu. Tarehe, mahali, tulichofanya, waliokuwepo, kilichofaulu na kilichoshindikana. Tuandike na michezo ambayo bibi zetu walitufundisha, na maneno yake kwa Kitembo, kabla wenye kuyajua hawajatutoka. Asiyejua kuandika aseme, mwenzake aandike. Yale yanayofaa yachapwe katika karatasi hili, yasomwe redioni, nakala ibaki shuleni. Mwandishi au mtafiti atakayekuja kesho atakuta mahali pa kuanzia.

Mimi Jumamosi ijayo nitaendelea na makala yangu. Inabaki sehemu ya michezo iliyotengenezwa na Waafrika wenyewe, na bado natafuta nani ameandika. Mama mwenye telefone na hamu ya kujifunza kuhariri anitafute shuleni baada ya masomo. Aje na daftari.