Tumzoeze Mtoto Kutoa

Sisi akina mama, tukimwona mtoto anapenda kuimba kuliko kusoma, mioyo hutudunda. Twajiuliza: Je, sifa za watu hazitampoteza?

Wapendwa, tumtazame Toše Proeski, mwimbaji wa Makedonia, ambayo leo huitwa Makedonia ya Kaskazini. Alizaliwa Prilep tarehe 25 Januari 1981, akalelewa Kruševo, mji mdogo wa milimani. Mwaka 2004 aliiwakilisha nchi yake katika mashindano ya nyimbo ya Ulaya huko Istanbul, na mwaka huohuo UNICEF ikamfanya balozi wake. Alipendwa Serbia na Kroatia pia, nchi zilizopigana vita miaka ya 1990.

Lakini sifa hazikumpa mkono wa birika. Tarehe 5 Oktoba 2007 alifanya onyesho kubwa Skopje, mji mkuu, ili mapato yake yasaidie shule za msingi. Siku 11 baadaye alikufa katika ajali ya gari huko Kroatia, akiwa na miaka 26 tu. Taifa zima lilimlilia, akazikwa Kruševo kwa heshima za kitaifa.

Uchungu wa mama aliyemzaa hatuwezi kuupima. Ila twajifunza neno moja: hatuzijui siku za watoto wetu. Basi tusiwafundishe kungoja utajiri ndipo watoe. Mtoto aimbe, nasi tumzoeze mapema kugawana na wenzake, hata kama alicho nacho ni kipande cha muhogo.