Njia ya Mwongo Fupi

Wahenga wetu walisema, "Tembea uone." Hawakusema, "Tembea ufike." Na aliyeona hana budi kusimulia. Katika desturi zetu msafiri aliyerejea hakuachwa alale kabla hajaeleza ya huko atokako. Alipewa maji, akapewa kigoda, kisha akaulizwa habari za njiani. Swali hilo halikuwa salamu tupu. Wenye mji walitaka kujua mvua imenyesha wapi, njia ipi haipitiki, nani amefariki na nani ameoa. Msafiri aliyedanganya aliweza kukitia hasarani kijiji kizima. Ndiyo maana wahenga hao hao wakatuachia na methali ya pili: njia ya mwongo fupi.

Methali zote mbili tulizijua tangu utotoni, na darasani tukazifundisha miaka mingi. Lakini maana ya hiyo ya pili hatukuipata barabara mpaka mwaka 1983, tulipokuwa walimu wawili wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari ya bweni mkoani Tabora. Tunayaeleza hapa yaliyotupata, kwa kuwa huenda yakawafaa walimu wenzetu na wanafunzi wao.

Muhula ule tulikuwa tukisomesha kidato cha tatu habari za maandishi ya safari. Wako wanaodhani kwamba habari za safari katika nchi zetu ziliandikwa na wageni peke yao. Sivyo. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha huko Göttingen kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, na ndani yake wasafiri wenyewe wanaeleza kwa Kiswahili walikopita. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo anasimulia safari yake ya Udoe. Salim bin Abakari, mtu wa Komoro, anasimulia jinsi alivyokwenda Urusi hadi Siberia mwaka 1896. Tena mwaka 1931 Martin Kayamba na wenzake wawili walikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Aliporejea aliandika kitabu, nacho kilitoka mwaka 1932 kwa jina la Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Tuliwaambia wanafunzi walitazame vema jina hilo. Mwandishi anaahidi aliyoyaona na aliyoyafanya, aliyoyasikia hakuyaahidi.

Basi likatujia wazo la kufanya mashindano ya kirafiki. Likizo ya mwezi wa Juni ilikuwa karibu, na shule yetu ilikuwa na vijana wa kila upande. Tabora ni njia panda ya reli. Reli ya Kati ilifika hapo kutoka Dar es Salaam mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na tawi la kwenda Mwanza likakamilika mwaka 1928. Kila likizo wanafunzi wetu walitawanyika kama kunde zilizomwagika, na kila walipokusanyika tena walikuwa na mengi vinywani. Tukabandika tangazo ubaoni: kila apendaye aandike kisa cha kweli cha safari yake ya kwenda nyumbani na kurudi, kurasa mbili tu, kisha visomwe bwaloni Jumamosi usiku. Zawadi ilikuwa madaftari mawili na mche mmoja wa sabuni. Wanaoikumbuka miaka ile hawatacheka. Sabuni ilikuwa adimu, na mche mmoja ulitosha kumheshimisha mtu bweni zima.

Tulipata karatasi arobaini na moja. Nyingi zilikuwa za kawaida, nazo zilitupendeza kwa ukawaida wake. Kijana mmoja wa mwambao wa Ziwa Tanganyika alieleza jinsi meli ya Liemba ilivyosimama majini usiku mbele ya kijiji chao kisichokuwa na gati, mitumbwi ikaizunguka kwa kelele, naye akashushwa na sanduku lake huku mama yake akimwita gizani bila kumwona. Kisa hicho kilikuwa na makosa ya tahajia kumi na saba. Tuliyahesabu.

Karatasi iliyotuteka ilikuwa ya kijana mwingine, wa mkoa wa Kigoma, mpole na hodari wa lugha. Alieleza garimoshi lilivyosimama usiku wa manane kwa sababu simba alikuwa amelala relini, abiria wa daraja la tatu wakapiga masufuria mpaka mnyama akaondoka, kisha safari ikaendelea na mto Malagarasi ukavukwa alfajiri, maji yaking'aa kama fedha. Methali zilikuwa mahali pake na mafumbo mahali pake. Hatukubishana hata dakika moja. Yeye wa kwanza, wa Liemba wa pili.

Kiliposomwa bwaloni watu walipiga makofi mpaka meza zikatikisika. Wanafunzi wachache wa Kigoma walinong'onezana, lakini hatukuwajali. Baadaye ndipo tulipoelewa sababu. Atokaye Kigoma kwenda Tabora huuvuka Malagarasi kabla hajafika Kaliua, na mwandishi wetu aliuvuka baada ya kuipita. Ramani ya Tanzania ilikuwa imetundikwa ukutani katika chumba tulichokaa kusahihisha. Tuliipa mgongo.

Jumatatu asubuhi mzee mpishi wa shule alikuja ofisini. Alikuwa mtu wa vijiji vya Uyui, mwenye maneno machache, na babu yake alikuwa mpagazi wa misafara ya kwenda pwani. Mkononi alikuwa na nusu ya mche wa sabuni, imefungwa katika kipande cha gazeti.

"Walimu," alisema, "kijana wenu amenigawia hii. Nimeshindwa kuiogea. Ni sabuni ya safari isiyosafiriwa."

Tukamwomba akae. Akatueleza kwamba kijana yule hakwenda nyumbani. Nauli haikufika. Likizo nzima alibaki shuleni, akawa akimsaidia kuchanja kuni na kuteka maji, na usiku alikuwa akilala peke yake katika bweni la vitanda arobaini.

"Msimwadhibu," mzee aliongeza. "Nyinyi mliuliza habari za nyumbani. Asiyekwenda nyumbani angeandika nini?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumeandika sharti la ukweli kwa herufi kubwa, na sharti la pili tukaliandika bila kulifikiri: kwamba kila mtoto ana nauli. Waliobaki shuleni tuliwafungia mlango, kisha mmoja wao alipoingia kwa dirisha tukamvika taji. Tena tulikuwa tumetafuta uzuri wa maneno peke yake. Laiti tungalitafuta ukweli kama lilivyodai tangazo letu, mto ule ungalitushitua.

Kijana tulimwita jioni. Aliamkia, akasimama akitazama sakafu, madaftari yote mawili yakiwa kwapani. Hatukuwa na haja ya kumhoji. "Shikamooni walimu. Nisameheni," alisema. "Wenzangu wote walikuwa na safari."

Tukamuuliza kama kweli likizo nzima hakutoka nje ya ua wa shule. Akafikiri. Akasema hakwenda popote, ila siku mbili alimsindikiza mzee kijijini kwake kumzika dada yake. Lakini hiyo si safari, walikwenda kwa miguu tu.

Tulimpa karatasi mbili, tukamwambia akaiandike hiyo.

Aliyoyaandika tunayakumbuka mpaka leo. Waliondoka kabla ya jogoo wa pili, mzee mbele na yeye nyuma, akibeba kibaba cha unga na sufuria. Hapakuwa na simba. Palikuwa na umande uliolowesha suruali mpaka magotini, na mzee aliyekuwa akitembea bila kusema neno. Kulipopambazuka walianza kukutana na watu, na kila mmoja alisema "Mwangaluka," naye kijana wa Kiha akajifunza kuitikia kama wenyeji. Saa nne walipumzika chini ya mwembe mkongwe, na hapo mzee akasema maneno yake ya kwanza: dada yake ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni alipokuwa mdogo. Walipofika, wanaume walikuwa wakipokezana kuchimba kaburi. Kijana aliandika kwamba amesikia siku zote mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Yeye alilipokea siku ile ile, na hakuona vibaya. Mtu mmoja akamuuliza mzee, "Huyu ni nani?" Mzee akajibu, "Mjukuu wangu." Insha iliishia hapo. Ilikuwa na methali hiyo moja tu.

Tuliisoma bwaloni Jumamosi iliyofuata, baada ya mwandishi mwenyewe kusimama na kueleza kwamba kisa cha simba hakikuwa chake. Makofi hayakupigwa mara moja. Kulikuwa na kimya kwanza, kisha mzee mpishi akatoka mlangoni pa jiko alipokuwa amesimama, akaenda kumshika kijana mkono. Madaftari yalikwenda kwa yule wa Liemba. Nusu ya sabuni iliyokuwa kwa kijana ilirudishwa, nayo nusu ya mzee ikaunganishwa nayo, zikatumika kufulia vitambaa vya meza vya bwalo.

Mwaka uliofuata tulibadili masharti. Tuliandika kwamba safari ni mwendo wowote uliomtoa mtu hapa ukamfikisha pale, hata kisimani, mradi ameuona kwa macho yake. Zawadi tuliifuta. Badala yake tuliweka daftari kubwa moja katika maktaba, na kila kisa kilichothibitika kuwa cha kweli kilinakiliwa humo kwa mkono wa mwandishi wake. Wasikilizaji waliruhusiwa kumuuliza msomaji maswali, kama walivyofanya wazee wetu kwa msafiri aliyerejea: Ulipita wapi? Mto uliuvuka wapi? Ulilala kwa nani? Waandishi walipungua kidogo mwanzoni, kisha wakaongezeka kupita mwaka wa kwanza. Waliobaki shuleni wakati wa likizo wakawa miongoni mwa wasimulizi bora, kwa sababu walikuwa wamekaa wakitazama.

Mwalimu atakayeanzisha mashindano ya namna hii shuleni kwake, tunamwomba mambo matatu. Kwanza, asome tangazo lake kwa macho ya mwanafunzi aliye maskini kuliko wote kabla hajalibandika. Pili, asahihishe tahajia baada ya kusikiliza kisa, asitangulize kalamu nyekundu. Tatu, awakaribishe wazee wa mahali pale waje kusikiliza, kwa maana wanazijua njia.

Nawe mwanafunzi, usidharau mwendo wako. Utamaduni wa taifa haukusanywi kwa visa vya simba peke yake. Hukusanywa pia kwa habari za umande, za salamu za njiani, na za jembe alilopewa mgeni siku ya kwanza. Andika uliyoyaona. Ukiulizwa mto uliuvuka wapi, uwe na jibu.